Video za afya za mashirika: watu wamekumbuka mbuzi, kijiko hawakukiona

#1 Mkata Picha

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mhariri wa video. Ugali wangu mwingi unatoka kwa mashirika ya misaada: leo kichocho, kesho uzazi wa mpango, keshokutwa kunawa mikono. Juzijuzi tumemaliza video ya dakika tisa kuhusu mtoto anayeharisha. Tuliipigia kijijini huku Morogoro. Mama ni mama kweli, nyumba ni nyumba kweli, mtoto ni mzima kabisa ila alifundishwa kulegeza shingo kwa ahadi ya biskuti. Ndani mna ORS (ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji), vidonge vya zinki, namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari pakiti ikikosekana, na dalili za kumkimbiza mtoto zahanati.

Wiki mbili baadaye tukaipeleka kijiji cha pili, na projekta na jenereta. Watu walijaa. Ilipoisha, dada wa shirika akashika kipaza sauti: "Haya, tumejifunza nini?" Kimya. Akarudia. Mama mmoja akasimama: "Yule mbuzi amekula khanga ya mwenzetu mpaka kwenye pindo, na nyie mnamwangalia tu." Uwanja ukalipuka. Kumbe wote walimwona. Mimi nimelala na picha zile siku kumi na moja, sikumwona. Usiku ule nikafungua kompyuta: yupo, nyuma kushoto, kwenye kamba ya nguo, sekunde kama sita hivi.

Kwenye ripoti imeandikwa kwamba jamii ilihamasika.

Hoja yangu: video hizi hazitengenezwi kwa ajili ya mama mwenye mtoto. Zinatengenezwa kwa ajili ya mfadhili, mama anaazimwa sura tu. Ndiyo maana zinaanza na drone, kinanda cha huzuni na nembo tano. Nibisheni.

#2 Sina Bando

Mbuzi alilipwa posho ya kikao au alisaini tu?

#3 Kobe wa Ruaha

Hii ni chai. Kisa hiki ni cha kale, na alikuwa kuku. Kilitokea hapahapa Tanganyika enzi za mkoloni: mzungu wa afya kaonyesha sinema ya usafi, watu wakaulizwa wameona nini, wakajibu "kuku". Mkuu umemtoa kuku ukaweka mbuzi.

#4 Mkata Picha

Kuku simjui. Mbuzi ninaye kwenye diski. Na mwenye khanga alidai elfu kumi, nikatoa mfukoni mwangu maana kwenye bajeti hakuna kifungu cha khanga.

#5 Mwalimu Mstaafu

Kobe, kuku ni kweli, Tanganyika umeitia wewe. Aliyesimulia ni John Wilson wa London, na aliyekitembeza kisa hicho dunia nzima ni Marshall McLuhan, msomi wa Kanada wa mambo ya mawasiliano, katika kitabu chake cha 1962. Sinema ilimwonyesha afisa usafi akimwaga maji yaliyotuama na kuokota makopo, taratibu sana ili kila mtu aelewe. Watazamaji kama thelathini wakasema wameona kuku. Watengenezaji hawakujua hata kama mna kuku. Wakaikagua picha moja moja, wakamkuta akikatiza pembeni kwa sekunde moja.

Tanganyika tuna ya kwetu. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliweka kituo cha kutengeneza filamu Vugiri, milima ya Usambara, kwa fedha za shirika la ufadhili la Carnegie kutoka Marekani. Zilitoka filamu 35, nyingine za safura na malaria ya watoto, zikazungushwa kwa lori. Sauti ilikuwa kwenye santuri, ikabidi iende sambamba na picha. Kwa hiyo mfadhili wa ng'ambo, ujumbe wa ng'ambo na mwigizaji wa kijijini ni ndoa ya miaka mingi, si mambo ya drone.

#6 Bint Makorora

Shikamoo mwalimu. Vugiri nimepita mara mia nikienda Korogwe, sikujua tulikuwa na Hollywood yetu.

Ila kisa cha kuku hunikera. Kila anayekisimulia anataka kuonyesha kwamba Mwafrika hajui kutazama picha. Mimi nina stashahada, na ukiniwekea dakika tisa za mtu anakoroga maji, nitamtazama mbuzi. Kwenye ile video kitu pekee kilichokuwa *kinatokea* ni hasara ya khanga! Mama yule aliyesimama hakushindwa kuelewa picha. Aliielewa kuliko mhariri.

#7 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hapo sina ubishi.

#8 Nesi wa Zamu

Nauliza jambo moja kabla hamjafika mbali na mbuzi wenu. Kwenye kipande cha chumvi na sukari, mama ameshika kijiko kipi?

#9 Mkata Picha

Kijiko cha kawaida, dada. Cha nyumbani kwake. Tulitaka uhalisia.

#10 Nesi wa Zamu

Cha kawaida ndiyo kipi? Cha kukorogea chai au cha kulia wali?

#11 Mkata Picha

…Nimetoka kuangalia. Cha kulia wali.

#12 Nesi wa Zamu

Basi hiyo video isitoke.

Kipimo ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, na kijiko ni kile kidogo cha chai, kimesawazishwa, si kilichojaa kilima. Kijiko cha kulia kinabeba vitatu vya chai. Kwa hiyo mama akikuiga, mtoto anakunywa chumvi mara tatu. Mtoto aliyekaukiwa maji ukimjaza chumvi unamharibu zaidi, anaweza kupata degedege. Sukari nayo ikizidi inaongeza kuharisha.

Halafu wazee humu wanaweza kukumbuka kijiko kimoja cha chumvi na vinane vya sukari. Vipimo hivyo viliwahi kufundishwa, msivifufue. Hata ORS ya pakiti ilipunguzwa nguvu mwaka 2002. Na pakiti yenyewe soma: nyingine ni ya lita moja, nyingine ya nusu lita.

Muswada haukupita wizarani?

#13 Mkata Picha

Ulipita, na una muhuri. Kwenye karatasi imeandikwa "kijiko cha chai". Siku ya kupiga picha nyumba nzima ilikuwa na vijiko viwili, vyote vikubwa. Tukasema kijiko ni kijiko.

#14 Sina Bando

Mmebeba drone mkasahau kijiko 😂😂

#15 Nesi wa Zamu

Hapo ndipo penyewe, usicheke. Nyumba ngapi vijijini zina kijiko cha chai? Chai inakorogwa na kijiko hichohicho cha wali, au hakuna kijiko. Kipimo kimetungwa na watu wenye kabati la vyombo. Gambia mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitumia chupa ya soda ya kwao na kizibo chake kuwa ndicho kipimo, wakagawa karatasi yenye picha za rangi, redio ikawa inawaelekeza akina mama: tazama rangi hii, sasa hii. Wakaweka na bahati nasibu kwa mama anayejua kuchanganya. Msiige vizibo vyao, soda si zetu na hesabu ni ya zamani. Nasema tu walianzia kwenye kitu kilichokuwa mkononi mwa mama.

#16 Fundi Spika

Mnamlaumu mfadhili na kijiko, mimi nakodisha muziki. Mkata Picha, jenereta mliiweka umbali gani na spika?

#17 Mkata Picha

Mita kama kumi. Waya haukufika.

#18 Fundi Spika

Kesi imekwisha. Hawakusikia kitu. Picha waliiona, ndiyo maana mbuzi wakampata, sauti imemezwa na jenereta. Mwalimu kasema enzi za santuri, hata leo tatizo ni lilelile. Jenereta inakaa nyuma ya jengo, mita hamsini, waya mrefu ni gharama ya soda za wageni waalikwa. Na mlianza saa ngapi?

#19 Mkata Picha

Saa kumi na mbili na nusu. Mgeni rasmi alikuwa na safari.

#20 Fundi Spika

Bado kweupe! Mbuzi mwenyewe alikuwa mweupe?

#21 Mkata Picha

Mweupe.

#22 Fundi Spika

Si nilisema.

#23 Mshua wa Kisumu

Wasee, mambo yenu nimeyafuata tangu asubuhi nikiwa kwa matatu. Huku kwetu ni vilevile. Shida ni kwamba mnatengeneza somo, watu wanataka hadithi. Shuga, ile series ya TV, ilipigwa Nairobi 2009, story ya ukimwi, vijana waliitafuta wenyewe bila kuitwa uwanjani. Lupita Nyong'o alikuwa ndani, kabla Oscar haijamjua.

Na nani bado anaonyesha projekta? Video ni ya WhatsApp. Dakika mbili, simu imesimama wima, mtu mmoja anaongea kama anakuongelesha wewe.

#24 Bint Makorora

Hadithi naikubali. Nyumbani kwetu Twende na Wakati ikianza Radio Tanzania, mama alikuwa anaacha wateja gengeni. Tulimchukia Mkwaju, dereva wa lori, kama ni jirani yetu. Nchi nzima ilikuwa inamsema.

#25 Mwalimu Mstaafu

Nchi nzima, kasoro Dodoma. Mchezo ulianza 1993, Dodoma haukurushwa mpaka 1995, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia.

#26 Kobe wa Ruaha

Subiri kwanza. Mimi nimekulia Dodoma. Yaani miaka miwili sisi tulikuwa panya wa maabara na hakuna aliyetuambia?

#27 Sina Bando

Sasa tumeelewa kwa nini Kobe anachelewa kila uzi.

#28 Kobe wa Ruaha

Nacheka lakini imeniuma.

#29 Munganga wa Beni

Jambo kwenu. Miye ni wa Beni, Kongo. Wakati ya Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 mpaka wa sita 2020, tulipata video mingi sana. Zingine zilikuja na Kiswahili ya kwenu, ile ya redio. Zinasema "muone mtoa huduma za afya". Mtoa huduma ni nani? Huku tunasema munganga. Ingine inasema bibi asimuguse mugonjwa. Huku bibi ni mke! Watu wakauliza, sasa mume yeye aguse?

Lakini siseme ni luga tu. Kwenye video zilitafsiriwa muzuri watu walisikia yote, hawakuamini. Walikuwa wanauliza: miaka yote tunauawa huku, hakuna aliyeleta gari hata moja, leo kwa Ebola gari zimejaa barabarani? Mwezi wa pili 2019 watu walishambulia vituo vya matibabu pale Katwa na Butembo. Wale walikuwa wameshaona video. Ebola ile iliua zaidi ya watu 2,200.

#30 Kobe wa Ruaha

Pole sana ndugu. Ila "munganga" huku Bara ukimwambia mtu akamwone mganga, atatafuta kuku mweusi.

#31 Mwalimu Mstaafu

Si kweli kabisa, Kobe. Tunaye Mganga Mkuu wa Serikali na kila wilaya ina Mganga Mkuu wake, wote madaktari. Neno moja linabeba kazi mbili, na video inayosema "mwone mganga" inamwachia mtazamaji achague.

#32 Mama Pacha

Naomba niseme kama mtazamaji, maana humu wote ni watengenezaji.

Wanangu waliharisha pamoja wakiwa na miezi kumi. Nilishaona hizo video kliniki, nilijua kila kitu: pakiti, maji yaliyochemka yakapoa, kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika subiri dakika kumi uanze tena. Nikafanya. Siku ya kwanza wanaharisha. Siku ya pili wanaharisha. Mama mkwe akasema, "Hiyo dawa yako haifanyi kazi," na mimi nikaona ana haki, akaenda duka la dawa akarudi na vidonge vya kukata tumbo.

Hakuna video hata moja iliyoniambia kwamba ORS haizuii kuharisha! Inarudisha maji yanayopotea, basi, kuharisha kwenyewe kunakata polepole. Nimeambiwa na daktari siku ya tatu, tayari tumelazwa. Ningejua hivyo ningekuwa na la kumjibu mama mkwe. Video zote zina mama mmoja anayeamua peke yake ndani ya nyumba tulivu. Nyumba hiyo iko wapi?

#33 Nesi wa Zamu

Pole Mama Pacha, na asante. Hata mimi kwenye maelezo yangu huwa narukia kipimo, hilo silisemi. Zinki ndiyo inapunguza siku za kuharisha, na inaendelea siku 10 mpaka 14 hata kama choo kimeshakaza. Akina mama wengi wanaacha siku ya tatu. Vile vidonge vya kukata tumbo mtoto mdogo asipewe.

Sasa na mimi nitie langu. Hata video ingekuwa nzuri kama mbingu, kuna wiki zahanatini kwetu hatuna zinki. Mama ameelimika, amekuja, namwambia kanunue. Elimu imemtembeza kilomita saba kuja kusikia "haipo". Mara ya pili haji.

#34 Mshua wa Kisumu

Hii ya mama mkwe inafaa kuwa series. Episode ya kwanza nishaandika kichwani.

#35 Alama za Mikono

Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Hakuna aliyetutaja. Mkata Picha, kile kiduara cha mkalimani mmekiweka wapi?

#36 Mkata Picha

Chini kulia, kama kawaida.

#37 Alama za Mikono

Na mkono wa mama unaokoroga uko wapi kwenye fremu?

#38 Mkata Picha

Chini kulia.

#39 Sina Bando

Mkuu wewe na hicho kijiko mna ugomvi gani?

#40 Alama za Mikono

Ndiyo hivyo. Tunaitwa siku ya mwisho, tunarekodiwa ofisini mbele ya ukuta wa kijani, tunabandikwa palipobaki. Kiziwi anaambiwa "angalia kipimo" huku mimi nimekifunika kipimo. Mngetuita kabla ya kupiga, fremu ingeachiwa nafasi.

#41 Dada wa Miradi

Sio mimi niliyeshika kile kipaza sauti, ila ningeweza kuwa mimi. Nafanya kazi kwenye shirika, nimesoma uzi wote na nimetukanwa vya kutosha.

Mkata Picha, nembo tano si mapambo. Kila mmoja aliyetoa hela, mkataba wake unasema nembo ionekane. Drone sipendi pia, lakini video hiyohiyo huwa inatakiwa ionyeshwe kwenye mkutano wa wafadhili, kwa hiyo kazi moja inavaa suti na gwanda. Tungekuwa na hela ya video mbili tungetengeneza mbili.

Na kile mlichofanya kijiji cha pili, kuwauliza watu wameona nini, kilitakiwa kifanyike kabla, na michoro ya karatasi tu, siku moja, watu kumi. Kwenye bajeti zangu huwa naiweka. Hesabu zikibana ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa sababu haina picha ya kuweka kwenye ripoti.

Nauliza pia: yule mama na mtoto wamesaini ridhaa? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na habari za afya za mtu ni taarifa nyeti.

#42 Mkata Picha

Mama alisaini. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, tukamsomea kwa Kiswahili.

#43 Bint Makorora

Mlimsomea yote au mlimwambia "weka hapa"?

#44 Mkata Picha

Tulimsomea… mengi.

#45 Bint Makorora

Shangazi yangu alipigwa picha hivyo, mwanawe alikuwa na utapiamlo. Mtoto akapona, sasa yuko darasa la sita, na picha yake ya mifupa bado ipo kwenye kalenda za watu. Wenzake wameiona. Hakuna anayejua aende kumwambia nani aitoe, lile shirika lilishafunga ofisi.

#46 Mwalimu Mstaafu

Ningeongeza kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, maana watu kama milioni mbili walishiriki na vyoo vikachimbwa kweli, kwa redio tu na vikundi vya kusoma. Baba yangu alikuwa kwenye kikundi. Kipindi kikiisha redio inazimwa, wanabishana, halafu wanaamua nani anachimba lini.

#47 Kobe wa Ruaha

Mwalimu, mwaka ule ukiacha kuchimba choo balozi wa nyumba kumi anakuja mlangoni. Redio ilikuwa na meno.

#48 Mwalimu Mstaafu

Hilo nalo ni kweli. Ila baba alichimba kwa hiari, na akamchimbia jirani.

#49 Kobe wa Ruaha

Hiari ya 1973, haya.

#50 Mkata Picha

Wakuu, mrejesho. Nimewaandikia shirika: kijiko kibadilishwe, kiduara kihame, tuongeze mama mkwe na sentensi moja kwamba ORS haikati kuharisha. Jibu limekuja jioni hii. Kijiko wamekubali, tutapiga upya mkono tu. Mama mkwe hapana, "anapotosha ujumbe mkuu". Kiduara watajadili. Drone ibaki. Mbuzi atolewe.

#51 Mama Pacha

Mama mkwe anapotosha ujumbe. Nitamwambia.

#52 Sina Bando

Kabla hamjamtoa mbuzi, nitumie hicho kipande chake tu. Dakika tisa bando langu halifiki.

#53 Mkata Picha

Umechelewa, kimeshaanza kutembea. Kijana mmoja alirekodi ukuta kwa simu siku ile ile. Juzi nimetumiwa na shemeji yangu aliyeko Geita, hajui kama ni kazi yangu. Wamekiwekea singeli.

#54 Nesi wa Zamu

Kwenye hicho kipande, mbele ya mbuzi, mama si ndiyo anapima chumvi?

#55 Mkata Picha

Ndiyo, dada.

#56 Nesi wa Zamu

Na kijiko kinaonekana?

#57 Mkata Picha

Kinaonekana vizuri sana. Nakala ya siku ile ilikuwa bado haijawekwa kiduara.